Shemeji amegoma kutoa pesa za moki ya drafti, na mama mkwe ameona kila kitu

Mjomba, shikamoo.

Naishi Brooklyn Park, hapa Minnesota, na mke wangu na watoto wetu wawili. Mimi ni mtu wa Kisumu, mke wangu ni wa Vihiga. Kwa hiyo mimi ni K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na kaka yake mkubwa ni Ingwe, yaani AFC Leopards, na miaka yote hii Mashemeji Derby haijawahi kutukosanisha. Kilichotukosanisha ni mpira wa huku Marekani, ule wa kofia ngumu, tena si mechi bali karatasi.

Shemeji alifika Minnesota mwaka 1998 na tangu hapo ni mtu wa Vikings, timu ya hapa, kufa kupona. Mimi nilifika majira ya baridi ya 2017. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akaninunulia jaketi la kwanza na jezi ya kwanza ya zambarau. Kila Aprili, siku chache kabla ya drafti, ambapo timu za ligi huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, wanaume sita hukutana gerejini kwake: sisi wawili, Wakenya wengine wawili, jamaa mmoja wa Tanga, na Mkongo wa Lubumbashi ambaye kila mwaka lazima atukumbushe kwamba Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichukuliwa namba 8 na Carolina Panthers mwaka 1996. Tunachoma nyama, halafu tunafanya moki, yaani drafti yetu ya kuigiza. Kila mtu anaandika majina ya vijana wa chuo kwa kila zamu ya Vikings, anatetea hoja zake mbele ya wenzake, karatasi zinakusanywa, na kila mmoja anatoa dola 50. Shemeji ndiye mweka hazina. Mshindi anaondoka na 300.

Mwaka huu wa 2025 Vikings waliingia kwenye drafti na zamu nne tu, ya kwanza ikiwa namba 24. Mimi nikaandika Donovan Jackson wa Ohio State, gadi wa kushoto, mmoja wa watu wa laini ya mbele wanaomkinga kwotabeki, yule mrusha pasi. Hoja yangu ilikuwa moja: mwezi Januari, kwenye mchujo dhidi ya Rams, kwotabeki wetu Sam Darnold aliangushwa na mpira mkononi mara 9. Mara tisa, Mjomba! Timu iliyoshinda mechi 14 ikapigwa 27 kwa 9 kwa sababu laini yetu ya mbele ilikuwa ua la makuti. Sasa Darnold amekwenda Seattle, timu anakabidhiwa J.J. McCarthy, kijana aliyeumia goti na hajacheza hata mechi moja ya msimu. Sawa, klabu imewasajili Ryan Kelly na Will Fries kutoka Colts. Lakini pale kushoto anasimama nani?

Shemeji yeye aliandika Nick Emmanwori wa South Carolina, yule sefti, mlinzi wa nyuma kabisa. Alisema kati ya masefti wetu Camryn Bynum ameshaondoka, Harrison Smith umri umemtupa mkono, na kijana wa karibu kilo 100 anayekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.38 hapatikani kila mwaka. Nikamwambia Vikings hawatamchukua. Akasema, "Wakiwa na akili watamchukua." Nikamjibu kwamba hatukuulizwa kama wana akili. Wenzetu wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomchoma. Akaniambia mbele ya wote kwamba mtu aliyeingia nchi hii akidhani touchdown ni jina la hoteli hawezi kumfundisha yeye Vikings, na kwamba mimi ni shabiki wa kuazima.

Nilinyamaza. Alhamisi ya tarehe 24 Aprili tukawa gerejini tena kutazama. Drafti yenyewe ilikuwa Green Bay, nyumbani kwa mahasimu wetu, na namba 23 ilikuwa yao. Packers, timu ya huko, wakamtaja mpokeaji pasi Matthew Golden, umati wao ukalipuka, sisi tukazima sauti ya TV. Ikaja zamu yetu. Emmanwori alikuwa bado yupo. Hata Malaki Starks wa Georgia, sefti mwingine, alikuwa bado yupo. Likasomwa jina la Donovan Jackson.

Niliruka mpaka nikavunja taa ya gereji. Shemeji alisema "upuuzi" na kuingia ndani ya nyumba.

Jumamosi drafti ilipokwisha tulisahihisha karatasi. Mimi moja, wengine wote sifuri. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kunitukana, nilipiga picha karatasi yake, nikaandika juu yake 0/4 kwa wino mwekundu na maneno "Profesa wa gereji", nikaituma kwenye grupu ya familia ya mke wangu ili watu wacheke. Mama mkwe akauliza, "Huyu mtoto wangu amefeli mtihani gani?" Shangazi zake wakaanza kutuma maombi. Kufikia Jumatatu ami yake mmoja alimpigia simu kutoka Vihiga kumpa pole kwa kushindwa mtihani wa uraia, na shemeji ni raia wa Marekani kitambo.

Tangu hapo hapokei simu zangu. Dola 300 amekatalia, anasema moki ni ya hoja bora, si ya kubahatisha kama kamari, na kwamba Jackson ni chaguo bovu, kwa hiyo sijashinda kitu. Mwezi wa sita binti yake anahitimu shule ya upili, na mimi ndiye niliyekuwa nimeombwa niwe mshereheshaji. Nimesikia kwa watu kwamba ametafutwa mwingine. Mke wangu anasema sote wawili tuna kichaa na hataki kuingia kati.

Mjomba, mimi nilishinda kihalali. Nidai pesa zangu au niziache? Sherehe niende au nisiende? Na kwa kuwa najua nawe unaufuatilia mpira huu, wewe namba 24 ungemchukua nani?

Shabiki wa Kuazima, Brooklyn Park

*

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba wewe mwenyewe ulipata moja kati ya nne. Ipo, ila umeipitisha mbiombio. Asilimia 25. Shuleni moki ya namna hiyo ilikuwa inakurudisha nyumbani ukamlete mzazi, na wewe umeifanyia sherehe hadi ukavunja taa ya mwenyewe.

Tuanze na picha. Pesa zinaweza kusubiri.

Utani wa mashemeji upo, na ni mtamu, lakini una uwanja wake. Unafanywa mbele ya shemeji mwenyewe, na mbele ya watu wanaojua mchezo. Wewe umeutoa gerejini, ambako watu watano wangeuelewa na kuucheka, ukaupeleka kwenye simu ya mama mkwe. Kwenu na kwao vilevile, mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima ya umbali. Kuna wakwe wazima na wajukuu juu ambao mpaka leo hawakai meza moja na mama mzaa mke. Wewe umemwekea mama huyo mwanawe akiwa na sifuri nyekundu. Yeye hajui Vikings ni nini. Anachojua ni kwamba karatasi yenye wino mwekundu ni mtihani, na mtoto wake ameanguka.

Halafu mfikirie shemeji. Mtu aliyeishi ugenini tangu 1998 jina lake la nyumbani ndilo analolifanyia kazi zamu za usiku. Karo anatuma, matanga anachanga, paa la mama analipia. Kwa ukoo wake yeye ni yule aliyefaulu. Sasa anapigiwa simu ya pole kwa mtihani wa uraia. Hapo mpira umeshatoka kwenye habari hii, na kama humwelewi kwa nini hapokei simu, soma tena ulichoniandikia kuhusu huyo ami.

Kwa hiyo leo, kabla hujala chakula cha jioni, andika kwenye grupu ileile. Mistari miwili mitatu inatosha: ile karatasi ilikuwa mchezo wa kubashiri wachezaji, hakuna aliyefeli mtihani wowote, uliituma bila adabu na unamwomba radhi kaka. Usiweke vikatuni vya kucheka. Usianze kueleza sefti ni nani na gadi ni nani, maana utafika kwenye Rams na mara tisa, ninakujua. Kwa mama mkwe usipige simu wewe. Mke wako amesema hataki kuingia kati, na kwa habari ya drafti ana haki hiyo. Mama ni mama yake, ataongea naye. Kama bado anasita, yupo mzee aliyekusindikiza kwenye mahari. Kazi yake haikuisha siku ile.

Ukishamaliza hayo ndipo uende kwa shemeji, peke yako, na taa mpya mkononi.

Sasa hoja yenu. Umeniandikia kila kitu kasoro kimoja: hiyo karatasi ya moki huwa inauliza nini? Kwa maneno yako mwenyewe, kila mtu "anaandika majina kwa kila zamu ya Vikings" kisha "anatetea hoja zake". Majina ya nani? Wale ambao Vikings watawachukua, au wale ambao Vikings wangepaswa kuwachukua? Hayo ni maswali mawili. Wewe ulijibu la kwanza, shemeji alijibu la pili, na sentensi mbili ulizoninukulia zinaonyesha wazi. Yeye: "Wakiwa na akili watamchukua." Wewe: hatukuulizwa kama wana akili. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya swali lake, mkatoana macho kana kwamba ni swali moja.

Wala si nyinyi wa kwanza. Mwaka 1994 Indianapolis Colts walipanda hadi namba 5 wakamchukua Trev Alberts, mlinzi wa kutoka Nebraska. Mel Kiper, mchambuzi wa drafti wa televisheni ya ESPN ambaye tangu 1984 kazi yake ni hii hii, akasema hewani kwamba Colts wamekosea, walihitaji kwotabeki, wangemchukua Trent Dilfer. Bill Tobin, aliyekuwa akiwachagulia Colts wachezaji, akahojiwa moja kwa moja kwenye televisheni hiyohiyo na kumshukia Kiper: ni nani huyo, hajacheza, hajafundisha, hana sifa kuliko jirani yangu tarishi. Ni shemeji yako mtupu na hoteli yake ya touchdown. Na nani alikuwa sahihi? Alberts aliandamwa na majeraha, akacheza misimu mitatu tu. Dilfer alikuja kubeba Super Bowl, fainali ya ligi, ila na Baltimore, baada ya Tampa Bay waliomchukua kumwacha aende. Na Colts, kwa kwotabeki waliyekuwa naye, Jim Harbaugh, walifika msimu wa 1995 wakabakiza pasi moja ya mwisho kuingia Super Bowl. Mtu akiniambia Tobin alishinda ubishi ule nitamsikiliza, na akiniambia Kiper alishinda pia nitamsikiliza.

Ndiyo maana neno lako "nilishinda kihalali" linanipa shida. Ulibashiri sawa jina moja, na si jambo dogo, hongera. Lakini kubashiri timu itafanya nini si ushahidi kwamba timu imefanya vyema. Jackson ni mzuri, nakubali. Alicheza gadi, katikati ya msimu takeli wa kushoto wa Ohio State, jirani yake kwenye laini, akaumia, Jackson akahamia pale, na wakachukua ubingwa wa vyuo Januari hii. Ila kwa Vikings hajavaa kofia hata siku moja. Shemeji naye anapomwita chaguo bovu leo, kwa lipi alilomwona akifanya? Hukumu ya drafti hutolewa baada ya misimu mitatu hivi, na hata hapo watu hubishana.

Halafu kuna hao wanaolipwa mshahara kwa kazi hii. Wiki hiyohiyo uliyovunja taa, kwotabeki Shedeur Sanders wa Colorado, ambaye wengi walikuwa wakimweka raundi ya kwanza miezi yote, alikaa akisubiri Alhamisi, akasubiri Ijumaa, na Jumamosi akachukuliwa namba 144 na Cleveland, ambao walikuwa wameshachukua kwotabeki mwingine kwenye raundi ya tatu. Na hao ni watabiri tu. Wenye timu je? Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, yule wa Nobel ya 2017, walichunguza drafti za miaka mingi wakaona kwamba ukimlinganisha mchezaji na anayefuata kuchukuliwa wa nafasi ileile uwanjani, wa mbele huwa bora kuliko wa nyuma katika zaidi kidogo tu ya nusu ya visa. Ni kama kurusha sarafu, na hao wana wasaka vipaji, madaktari na kompyuta.

Vikings wenyewe ni darasa zima. Mwaka 1989 waliwapa Dallas rundo la wachezaji na zamu ili wampate mkimbiaji Herschel Walker, na Dallas wakajengea ubingwa. Mwaka 2003 walikuwa na namba 7, wakawa bado wanapatana bei ya kubadilishana zamu na Baltimore saa ikawaishia, Jacksonville na Carolina wakawaruka, wao wakaja kuchagua wa tisa. Aibu ya taifa. Waliyempata kwa kuchelewa huko ni Kevin Williams, akaja kuwa mmoja wa walinzi bora wa kati wa kizazi chake. Na 2020 Philadelphia, namba 21, walimchukua mpokeaji Jalen Reagor na kumwacha Justin Jefferson, Vikings wakamwokota namba 22. Miaka miwili baadaye Reagor naye aliletwa Minnesota kwa mabadilishano, nadhani ili Jefferson awe na mtu wa kumshukuru kila asubuhi.

Kuna jambo jingine nililoliona kwenye barua yako, na ndilo ningependa uende nalo gerejini. Kila shabiki huandika moki akitibu kidonda chake. Shemeji alifika 1998. Huo ndio mwaka mpokeaji Randy Moss alipoachwa na timu moja baada ya nyingine hadi namba 21, Vikings wakamchukua, na msimu wake wa kwanza wakashinda 15 na kupoteza moja. Mtu akianza ushabiki na Moss, maisha yake yote ataamini kwamba kijana mwenye kipaji kisicho cha kawaida hapitwi, hata kama hujui utamweka wapi. Sasa mtazame Emmanwori: urefu wa karibu mita 1.9, mruko wa inchi 43. Shemeji hakuandika jina la sefti pale, aliandika jina la Moss kwa mara nyingine. Na msimu uleule ulimalizika kwa Gary Anderson, ambaye hakuwa amekosa teke hata moja mwaka mzima, kukosa la yadi 38 dhidi ya Atlanta, nyumbani, hatua moja kabla ya Super Bowl. Shemeji alikuwa mgeni wa miezi michache katika nchi ya baridi, bila ndugu, na furaha aliyoipata ikakatwa hivyo. Wewe umewahi kumuuliza kuhusu siku ile? Muulize.

Wewe ulifika ukakuta makwotabeki wanaangushwa, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo kila Aprili unaandika jina la mtu wa laini. Si kosa. Ila usiseme yako ni hesabu na yake ni upuuzi.

Hilo neno la "kuazima" nalo silipiti. Alikosea, na ukifika pale una haki ya kumwambia limekuuma, maana limetoka kwa mtu aliyekuvisha jezi kwa mkono wake. Ushabiki haupimwi kwa tarehe iliyopigwa kwenye pasipoti. Kama ni kuja juzi, Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga, Mkenya ambaye hakuwa amecheza mpira wa kofia maishani. Hakupita drafti yoyote. Colts walimsajili Julai 2013, na Desemba mwaka huohuo alikuwa uwanjani kwenye mechi ya ligi. Ikiwa mtu anaweza kuucheza ndani ya miezi mitano, wewe unaweza kuwa na maoni juu ya gadi wa kushoto baada ya miaka minane. Mwambie hivyo, lakini mwambie baada ya radhi, si kabla. Ukitanguliza Adongo mtaanza upya.

Dola 300. Si zako bado, na si zake kabisa. Kanuni haikuandikwa, na mweka hazina ambaye pia ni mshindani hawezi kuwa ndiye hakimu, hata angekuwa malaika. Lakini nawe usiwe hakimu. Wapo wanne wengine, kila mmoja na 50 zake mle ndani, na sijaona kwenye barua yako kama kuna aliyewauliza. Waachieni waamue, nyinyi wawili mtoke nje mkasimame kwenye theluji, kama bado ipo. Wakisema ni zako, zichukue bila maneno. Wakisema kila mtu arudishiwe chake, pokea 50 yako. Mimi ningekuwa mmoja wao ningependekeza zote ziwekwe kwenye bahasha ya binti anayehitimu, kutoka kwa wajomba na baba zake wadogo wa gerejini. Shemeji atapata shida sana kulikataa hilo mbele ya mkewe. Ila pendekezo hilo litoke kwa wale wanne, lisitoke kwako, maana likitoka kwako litaonekana ni kejeli nyingine.

Na moki ya mwakani, drafti ikiwa Pittsburgh, iwe na safu mbili kwenye karatasi moja: watakayemchukua, na ninayemtaka mimi. Safu ya kwanza ina pesa, inasahihishwa Jumamosi ileile. Ya pili haina pesa, inakunjwa na kufungiwa mahali hadi 2028, ndipo mfungue mcheke. Mweka hazina awe Mkongo. Mtu anayemtetea Biakabutuka mpaka leo, wakati Eddie George, mkimbiaji mwenzake aliyekuja kumzidi, alichukuliwa namba 14 mwaka uleule, hawezi kuiacha dola ipotee.

Sherehe nenda. Nenda hata kama mshereheshaji ni mwingine, na usiende na uso wa mtu aliyenyang'anywa. Beba viti, geuza nyama, mpeleke mzee fulani nyumbani kwa gari. Habari za kutafutwa mshereheshaji mwingine umezisikia kwa watu, hukuambiwa na mwenyewe, kwa hiyo hata hilo bado lina nafasi kama utafika kwake wiki hii na si siku moja kabla ya hafla.

Umeniuliza ningemchukua nani namba 24. Hakuna. Ningeuza. Timu yenye zamu nne tu haina ubavu wa kukaa namba 24 na kuchagua mtu mmoja wakati mnunuzi yupo mlangoni. Tazama kilichotokea mara tu baada ya Jackson: Houston, wenye namba 25, waliiuza kwa New York Giants waliokuwa wakimtaka kwotabeki Jaxson Dart, wakapewa namba 34, namba 99, na zamu ya raundi ya tatu ya 2026. Ningekuwa mimi ndiye niliyepiga simu New York dakika kumi mapema. Na namba 34 ilipofika Ijumaa, Emmanwori alikuwa bado yupo. Aliondoka namba 35, kwa Seattle. Kwa hiyo ningepata kijana wa shemeji yako, na zamu mbili za ziada za kumtafutia McCarthy gadi. Aya hii usimwonyeshe mpaka akurudishie kipaza sauti.

Mjomba